Mashine Iliyoonja Juu ya Gunia

Jenereta yetu pale Masisi iliwashwa saa tatu asubuhi na kuzimwa saa sita mchana, na katika saa hizo tatu mimi nilikuwa mtu mkubwa. Kabla yake na baada yake nilikuwa binti wa wakulima kama wengine, nikiruka matope na kupanga foleni ya maji. Lakini jenereta ikishanguruma, watu walinipisha mlangoni, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na funguo za chumba cha kompyuta, na ndani ya kompyuta ile mlikuwa na majina ya watu waliopotezana.

Ilikuwa miaka ya vita. Vita vyenyewe sitavieleza. Wengine wameshavieleza na bado hawajavimaliza. Nitasema tu kile vilichotuletea mezani: karatasi. Zilikuja kwa pikipiki kutoka Nyabiondo na Kirolirwe, na mbali zaidi kutoka Walikale, zikiwa zimefungwa kwenye mifuko ya plastiki ili mvua isizile. Kila karatasi ilikuwa mtu aliyefika mahali bila watu wake. Kazi yangu ilikuwa kuzinakili zote kwenye hifadhidata, ambayo ofisini tuliiita baze, kwa Kifaransa chetu cha kukatakata.

Baze ilikuwa na madaftari mawili makubwa. La kwanza lilikuwa la waliopatikana: jina, umri, na mahali walipo sasa. La pili lilikuwa la jamaa: yale ambayo kila aliyepatikana aliyasema juu ya baba yake, mama yake, ndugu zake, na njia waliyopotezania. Mzazi akija kumtafuta mtoto, niliandika swali moja: nitafutie mwenye jina hili katika daftari la kwanza, ambaye katika daftari la pili alimtaja baba wa jina hili na mama wa jina hili. Mashine ililinganisha na kuleta jibu.

Mwanzoni jibu lilikuja kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe. Nilikuwa nimesoma informatiki, elimu ya kompyuta, Goma miaka mitatu, nikarudi kwetu na kiburi cha miaka sita, na wepesi ule niliuhesabu kuwa wangu. Mama yangu mzazi alinitania kwamba natembea siku hizi kama askofu anayekwenda kubatiza. Moyoni nilijua amesema kweli.

Kisha vita vikapanuka na karatasi zikaongezeka. Mashine ikaanza kuwa nzito. Swali lililochukua kufumba na kufumbua likachukua dakika, kisha nusu saa, na mengine hayakumalizika kabisa: saa sita ilifika, jenereta ikanyamaza, betri kuukuu ya kompyuta ikakata roho baada yake, na utafutaji wote ukapotea. Kesho yake tulianza upya kutoka mwanzo. Nililaumu vumbi. Nililaumu umri wa kompyuta. Nililaumu mafuta yaliyochanganywa na maji. Niliandika barua tatu Goma kuomba mashine mpya, na katika barua zote tatu hakuna mahali nilipojilaumu mimi.

Mama niliyekusudia kusimulia habari zake alikuja mara ya kwanza wakati wa mvua kubwa. Alikuwa wa wale wafanyabiashara wa Butembo waliofungua maduka kwenye vituo vyetu. Yeye na mumewe walikuwa na duka Nyabiondo, wakiuza chumvi na sabuni na kununua maharage kwa wakulima. Siku watu walipokimbia Nyabiondo mumewe alikuwa safarini. Yeye alitoka na mtoto mchanga mgongoni, mwenye surua, anachemka homa, na binti wa miaka tisa akimfuata nyuma. Kwenye njia panda ya mlimani umati uligawanyika. Yeye alisukumwa kushuka upande wa Walikale. Alipogeuka, binti hakuwepo. Alikaa Walikale miezi akiuliza kila aliyefika, kisha akarudi kwa miguu hadi Masisi, kwa sababu alisikia kwamba huko kuna mashine inayotafuta.

Nilimwandikia kadi. Nikauliza swali lake kwenye baze. Saa sita ikafika kabla ya jibu, nami nikaandika kwenye kadi neno nililowaandikia wote: bado. Alirudi wiki iliyofuata. Bado. Akarudi tena. Alikuwa haombi wala halii. Alikaa kwenye benchi la nje, mtoto akicheza miguuni pake, na nilipotoka alisimama kunitazama uso tu. Nilitikisa kichwa, naye akashukuru. Shukrani ile ilikuwa inaniudhi, na sikujua kwa nini.

Siku moja ya Jumatano mkuu wetu wa ofisi alituita sote. Mapigano yalikuwa yanasogea, na watoto waliowekwa kwenye familia za kuwapokea kuzunguka Masisi wangehamishiwa Goma. Malori yangeondoka Ijumaa asubuhi. Kutoka Goma wangegawanywa kwenye vituo mbalimbali, na sote tuliofanya kazi ile tulijua maana yake: mtoto akishahamishwa mara mbili, karatasi yake huwa nyuma yake daima. Yule mama alikuwa nje, na habari za malori zilimfikia kabla hatujatoka mkutanoni.

Alhamisi nilimkuta mlangoni saa mbili na nusu.

"Dada," akaniambia, "leo sitakaa inje. Nitakaa na wewe mu chumba, nione vile mashine iko inatafuta."

Sheria ilikataza. Majina yale yalikuwa siri za watu, na mkuu wetu alikuwa mkali kwa jambo hilo. Lakini nilimtazama nikashindwa kusema hapana. Nikamwekea kiti nyuma ya meza, mahali asipoweza kusoma kioo, nikamwambia akae kimya. Jenereta ikawaka. Nikaandika swali lake, nikabonyeza, tukangoja.

Zikapita dakika kama kumi.

"Sasa iko inafanya nini?"

"Inatafuta, Mama."

"Najua iko inatafuta. Inatafuta namna gani? Minauliza kama muntu wa biashara."

Nilikuwa na hasira, lakini si kwake. Nikaona heri nimweleze kuliko kusikiliza jenereta. Nikamwambia kwamba ndani ya mashine kuna kitu kinachoitwa mpangaji. Ukiuliza swali, mpangaji haanzi kutafuta hapohapo. Kwanza anachagua njia. Akiamini kwamba wenye jina unalolitafuta ni mmoja au wawili tu, atamchukua huyo mmoja na kupitia daftari la jamaa ukurasa kwa ukurasa mpaka ampate baba yake, kazi ndogo. Akiamini kwamba ni wengi, atafanya vingine: atayasoma madaftari yote mawili mara moja tu, ayapange, kisha ayalaze ubavu kwa ubavu.

"Na anajua namna gani kama beko wengi ao kidogo, na hayatafuta?"

Swali zuri. Wanafunzi wenzangu Goma hawakuwahi kuliuliza, na mimi pia sikuliuliza. Nikamwambia mpangaji hawezi kusoma daftari zima ili aamue jinsi ya kulisoma. Kwa hiyo ana takwimu zake, muhtasari mfupi alioutengeneza siku fulani: alichukua kurasa chache huku na huku, akatazama ni majina gani yanarudiwarudiwa na gani ni ya mtu mmoja, akaandika. Tangu hapo anakadiria kwa muhtasari ule.

Mama alicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akicheka.

"Kumbe ananunua maharage," akasema.

Akanieleza, huku mikono yake ikionyesha. Mkulima anakuja na gunia. Wewe mnunuzi huwezi kumwaga gunia zima chini uhesabu punje. Unaingiza mkono, unatoa konzi moja, unaitazama, na kwa konzi ile unasema gunia lote. Lakini mnunuzi mgeni anachota juu, na kila mkulima anajua hilo. Juu anaweka maharage mazuri. Mwenye kazi yake anaingiza mkono mpaka kiwiko, katikati, kisha pembeni, kisha chini. Na hata hivyo, akasema, mkono wa jana hauhusu gunia la leo. "Kama baliongeza maharage ingine usiku, unapima tena. Bila vile unadanganyika wewe mwenyewe."

Kisha akauliza, bila ubaya wowote, kama anavyouliza mtu aliyezoea bei na vipimo: "Ule wako, mara ya mwisho aliingiza mukono lini?"

Nikakumbuka wiki ya kwanza.

Kuna kazi ndogo ambayo hifadhidata hujifanyia yenyewe, chinichini, bila kuombwa: kila mara karatasi zinapoongezeka inarudi kuonja tena na kurekebisha takwimu zake. Kazi hiyo inakula umeme kidogo. Nami, mwanzoni kabisa, katika wiki ya kwanza, betri iliponisumbua, niliizima. Niliizima kwa mkono wangu, nikajipongeza kwa ujanja wangu, nikasahau.

Nikalikatisha swali lililokuwa likitembea. Mama akashtuka akasogeza kiti, nikamwambia asiogope. Mashine unaweza kuiomba ikuonyeshe mpango wake kabla ya kuutekeleza. Nilijua hilo tangu shule, ila sikuwahi kuliomba, kwa sababu anayejiona bingwa haombi kuonyeshwa. Sasa nikaiomba. Ikaniandikia mistari michache, na pale palipotajwa jina la yule binti, mpangaji alikuwa ameandika idadi ya watu anaotarajia kuwakuta katika daftari lote.

Alikuwa ameandika: mmoja.

Ili msomaji aelewe kosa la neno lile, lazima nieleze majina. Kwa watu wa Butembo na Beni mtoto hapati jina kwa kubahatisha. Anapewa kwa zamu ya kuzaliwa. Msichana wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake. Wavulana vivyo hivyo. Ukisikia jina tu unajua amezaliwa wa ngapi. Binti wa mama huyu alikuwa msichana wa pili, kwa hiyo alikuwa na jina lilelile la msichana wa pili wa jirani, na wa mtaa wa pili, na wa kila duka kuanzia Butembo hadi kwenye machimbo ya Walikale. Baba yake alikuwa na jina la mvulana wa tatu. Familia nzima ilikuwa imehesabiwa, na nchi nzima ilikuwa imejaa hesabu hiyohiyo.

Lakini karatasi za kwanza kabisa tulizoingiza, zile za wiki ya kwanza, zilitoka upande wa Kirolirwe, kwa wafugaji. Kule mzazi humtungia mtoto jina lake peke yake, kwa neno lililomjia moyoni siku ile, na ndugu wa tumbo moja hawafanani majina hata kidogo. Mpangaji alizionja karatasi zile akajifunza somo moja: jina ni mtu. Somo lilikuwa sahihi kabisa kwa siku ile na kwa watu wale. Kisha mimi nikamfunga mikono. Miezi na miezi nilimmwagia maelfu ya karatasi za watu ambao kwao jina ni zamu, naye aliendelea kuamini kwamba jina ni mtu. Kwa hiyo alimchukua msichana wa pili mmoja, akapitia daftari lote la jamaa ukurasa kwa ukurasa. Akakuta kuna mwingine, akalipitia lote tena. Na mwingine, na mwingine, maelfu yao, na kila mara alianza ukurasa wa kwanza. Hakuwa mvivu hata kidogo. Hakuna kiumbe niliyewahi kumwona akifanya kazi kwa bidii kuliko yeye, katika njia niliyompotosha mimi.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nikageuka nikamwambia yule mama kila kitu: kwamba si jenereta, si vumbi, ni mimi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Mtoto alikuwa amelala mapajani pake.

"Unaweza kuingiza mukono sasa?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi ingiza."

Amri yenyewe ni neno moja tu. Unaliandika, mashine inaenda kuonja. Kabla ya hapo niliiambia, kwa upande wa majina, ichote konzi kubwa zaidi kuliko ilivyozoea, kwa sababu majina yetu yana mambo. Kisha nikabonyeza. Nilitegemea tungoje hadi saa sita. Sikuwa nimemaliza kujifuta jasho la viganja, ikasema imemaliza.

Nikaomba inionyeshe ilichokiona. Hadi leo sijui niiite nini hali iliyonishika. Mashine ilikuwa imeniandikia orodha ya majina yanayorudiwa zaidi, kuanzia la juu kwenda chini, na kila jina sehemu yake. Juu kabisa palikuwa na msichana wa kwanza na mvulana wa kwanza. Chini yao wa pili. Chini yao wa tatu, wa nne, kwa mfuatano, wakipungua kama ngazi, kwa sababu kila nyumba ina wa kwanza lakini si kila nyumba hufika wa sita. Hakuna aliyeifundisha mila ile. Ilikuwa imegusa karatasi chache tu kati ya zote, huku na huku, na kutoka kwenye konzi ile ikaona jinsi watu wazima kwa watoto wanavyozaliwa na kuitwa, watu ambao wengi wao walikuwa usiku uliopita wamelala chini ya turubai. Baadaye nilihesabu kwa kweli wenye jina la yule binti. Tofauti kati ya hesabu yangu na makadirio yake haikujaza darasa moja la shule. Nimeingia makanisa mengi na nimeona mlima wa moto ukiwaka. Mbele ya orodha ile nilinyamaza namna ileile.

Nilimwita mama aje aione. Majina ya zamu si siri ya mtu yeyote. Akasogea, akasoma polepole, kidole chake kikishuka kwenye kioo. Alisimama kwenye msichana wa pili.

"Bote hawa beko inje ya kwabo?"

"Wote, Mama."

Akarudi kukaa. Akafanya ishara ya msalaba.

Kisha nikauliza swali lake upya. Nikabonyeza, nikaondoa kidole, na majibu yalikuwa pale. Kila mara hapo zamani swali lile lilikula saa za jenereta bila jibu, na sasa hata pumzi moja haikukamilika. Nilidhani nimekosea. Nikabonyeza tena, yakaja tena yaleyale: wasichana tisa wenye jina la pili, baba wa jina la tatu, waliopotezana na watu wao kwenye njia ya Nyabiondo.

Sasa sheria niliifuata sawasawa. Sikumwonyesha. Nilimsomea kila mmoja yale mambo madogo ambayo mtoto aliyasema, bila kutaja aliko. Wa kwanza alisema nyumbani kwao kuna mbuzi wawili. Mama akatikisa kichwa. Wa pili alisema bibi yake ni kipofu. Akatikisa. Wa tatu, wa nne. Kisha nikafika kwa wa sita. Alikuwa ameandikwa hivi: anasema alibaki nyuma kwa sababu alikuwa amebeba sufuria, na mama hakuweza kumshika mkono kwa sababu mdogo wake alikuwa na surua.

Mama hakutikisa kichwa. Alimshika mtoto aliyelala, akamkandamiza kifuani mpaka akaamka na kulia.

"Nilimuambia atupe ile sufuria," akasema. "Nilimuambia."

Nikatazama alikoandikwa. Kingi. Mtu anatoka Kingi asubuhi anakuja sokoni kwetu na kurudi kula chakula cha mchana kwake. Nikatazama siku alipoandikwa. Ilikuwa kabla ya ziara ya kwanza ya mama yake ofisini. Kila mara nilipoandika neno bado kwenye kadi ile, jibu lilikuwa tayari limo ndani ya mashine, limeingizwa kwa vidole vyangu mwenyewe.

Mkuu wa ofisi alihitaji nusu saa kutayarisha barua ya ruhusa, kwa sababu mihuri ya serikali haina haraka hata Ijumaa ikiwa kesho. Jenereta ilikuwa bado inanguruma. Nikachukua rundo la kadi zote za bado kutoka kwenye sanduku, nikaanza kuuliza moja baada ya nyingine. Mzee wa Walikale aliyemtafuta mkewe: akapatikana. Dada wawili: mmoja akapatikana. Mwalimu: hapana, na sasa hapana ilikuwa jibu, si uchovu wa mashine. Niliandika majibu pembeni kwa penseli mpaka ncha ikakatika, nikaendelea kwa kalamu. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Ilipofika saa sita na jenereta ikazimwa, rundo lilikuwa limebaki robo, na kwa mara ya kwanza sikuichukia saa sita.

Katika siku zilizofuata nilijifunza mengine. Nilirudisha ile kazi ndogo niliyoizima. Nikaifundisha baze kwamba jina na kijiji vinakwenda pamoja, visihesabiwe kama mambo mawili yasiyojuana. Lakini siku ile hayo yote yalikuwa mbele. Mchana ule tulipanda pikipiki mbili kwenda Kingi, mama na mtoto kwenye moja, mimi na barua yenye muhuri kwenye nyingine.

Sheria yetu ni kwamba mtoto anaulizwa kwanza peke yake, mzazi akiwa mbali, ili asisukumwe kusema ndiyo. Nikamwacha mama barabarani chini, nyuma ya migomba, nikapanda kwa miguu. Familia iliyompokea ilikuwa ya wakulima wa siku nyingi wa Masisi, watu kama wa kwetu. Mama wa nyumba alikuwa anapukuchua mahindi. Alikuwa ameshafunga nguo za binti kwenye kitambaa kwa ajili ya lori la kesho, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Njo mumekuya kumuchukua?" akauliza. "Banasema ni kesho."

Nikamwambia nimekuja na maswali tu kwanza. Akaita, na binti akatoka nyuma ya nyumba, mrefu kuliko nilivyomdhania, mikono ina udongo.

"Huyu dada ni wa ile biro, ofisi ya mashine," mama wa nyumba akamwambia. Kisha akanigeukia mimi. "Siku ya soko tunapitaka pale karibu. Anauliza kila mara, nami ninamuambia, usilie, mule ndani mashine iko inatafuta mama yako."

Binti alinitazama kwa heshima kubwa. Hakuna mtu aliyewahi kunitazama hivyo, hata katika zile saa tatu zangu za ukubwa. Nikamuuliza juu ya baba, juu ya duka, juu ya njia panda, juu ya sufuria. Akajibu yote sawasawa. Nikapiga magoti ili macho yetu yawe sawa, nikamwambia kwamba mashine imempata mama yake.

Hakuruka wala hakulia. Alifikiri kwanza, kama mtu anayetaka kuelewa safari ndefu ya mtu mwingine.

"Alikuwa mbali sana?" akauliza.

Nilitamani kusema ndiyo. Ningeweza, na angeniamini maisha yake yote.

"Hapana," nikasema. "Siku hizi zote alikuwa karibu nawe. Mimi ndiye niliyemchelewesha. Teremka, yuko pale barabarani."